Mchanga wa choo cha mtoto wa paka: maswali na majibu kwa wafugaji wa Arusha na Moshi

Mtoto wa paka wa wiki 4 au 5 huanza mwenyewe kufukua mahali pa kujisaidia. Shida ni kwamba katika umri huohuo kila anachokifukua hukionja. Kwa hiyo chochote utakachomwaga kwenye beseni lake, hesabu kwamba kitaingia mdomoni.

Mchanga wa supamaketi unaoshikana madonge una ubaya gani?

Kwa paka mkubwa, hauna ubaya mwingi. Aina nyingi za mchanga huo ni udongo wa bentoniti, ambao ukinyonya maji huvimba mara kadhaa kuliko ulivyokuwa mkavu, kisha hukaza. Kwenye beseni hiyo ni sifa nzuri, kwa sababu unachota donge la mkojo na kuacha palipobaki pasafi. Ndani ya utumbo wa mtoto wa paka, ulio mwembamba kuliko penseli, kuvimba na kukaza kulekule kunaweza kuziba njia. Wala si lazima autafune. Akitoka kwenye beseni na nyayo mbichi, vumbi hunata kwenye manyoya, na dakika mbili baadaye anajilamba. Kiasi kidogo kwa kawaida hutoka na kinyesi. Anayeula kila siku ndiye wa kuogopewa, na hujui wako ni yupi mpaka ameshaumwa. Subiri atimize miezi 4.

Chembe za silika, zile zinazong'aa kama vipande vya kioo, hazigandi hivyo, lakini ni ngumu na hukausha mdomo. Nazo zisubiri.

Maandishi ya mfuko siyaelewi. Nitajuaje kama unashikana?

Weka vijiko 2 vya mchanga huo kwenye glasi, mimina maji robo glasi, usikoroge, subiri nusu saa. Ukikuta umevimba na kuwa bonge la kunata kama ugali mbichi, usimpe mtoto wa paka. Ukikuta umelowa tu na chembe zinaachana, au zimesambaratika kuwa ungaunga, hauna tabia ya kuganda. Unuse pia: wenye manukato uache dukani. Pua ya paka ni kali kuliko yetu mara nyingi, na harufu inayotupendeza sisi inaweza kumfanya akajisaidie nyuma ya kochi.

Maranda ya fundi seremala je? Yanapatikana kila mtaa.

Kwa maoni yetu ndiyo chaguo zuri kuliko yote kwa kipato cha kawaida, ukijua unachobeba. Maranda hunyonya mkojo vizuri, ni mepesi kwa nyayo ndogo, na yakimezwa kidogo hayavimbi na kuwa donge. Lakini gunia la maranda huwa na mengi yasiyoonekana.

La kwanza ni dawa ya mbao. Mbao nyingi za paa hutiwa dawa ya kuzuia mchwa, na zenye rangi ya kijanikijani mara nyingi zimetiwa dawa yenye shaba, kromiamu na arseniki. Arseniki ni sumu, na kupiga randa hakuiondoi. Muulize fundi moja kwa moja: "Mbao hii imetiwa dawa?" Akisita, au ukiona ukijani, nenda kwa fundi mwingine. Omba maranda ya mbao tupu, ambazo hazijatiwa dawa, vanishi wala rangi, yasichanganywe na vumbi la plaiwudi, kwa sababu lile lina gundi.

La pili ni vumbi. Mtoto wa paka huvuta hewa pua ikiwa sentimita chache juu ya beseni, na vumbi laini humletea chafya, macho kutoa machozi na mafua yasiyokwisha. Chekecha nje ya nyumba kwa chekeche la nafaka, tupa linalopita, bakiza vipande vinavyobaki juu. Kisha pitisha sumaku, maana misumari midogo na skrubu hujificha humo. Anika juani siku nzima. Mwezi wa Juni na Julai, jua linapokaa nyuma ya mawingu kutwa, anika siku 2 au 3, na usiyaweke karibu na jiko la mkaa: maranda makavu hushika moto haraka kuliko karatasi. Yanayonuka ukungu yasiingie ndani.

Harufu nayo ipime. Maranda mabichi ya paini au msaiprasi yenye utomvu mkali yana kemikali za jamii ya fenoli, ambazo ini la paka huzishughulikia kwa shida. Yakishakauka na harufu kufifia, ubaya hupungua sana.

Makapi ya kahawa na ya mpunga yanatupwa bure. Niyatumie?

Ya kahawa, hapana kabisa. Baadhi ya kafeini hubaki kwenye maganda, na mwili wa paka hauivumilii: moyo huenda mbio, hutetemeka, na dozi ikizidi hupata degedege. Ya mpunga hayana sumu, ila yana ncha kali, hayanyonyi mkojo, na hutapakaa nyumba nzima. Wanaoishi karibu na mashamba ya mpunga ya Mabogini hushawishika nayo, lakini maranda yanayashinda.

Na mchanga wa kujengea ulio nje?

Kabla hujaukusanya, fikiria nani ameshautumia. Fungu la mchanga lililolala nje wiki nzima ndilo choo cha paka wote wa mtaa, na humo hubaki mayai ya minyoo na ya vimelea vya toksoplasma. Ukilazimika, uoshe mpaka maji yatoke meupe, umwagie maji yanayochemka, uanike. Hata hivyo ni mzito na hushika harufu siku ya pili. Gazeti lililochanwa vipande vyembamba ni bora kuliko mchanga huo, hasa kwa paka aliyetoka kuhasiwa, kwa kuwa karatasi haiingii kwenye kidonda kama chembe.

Mama mkwe anataka tuweke majivu ili yakate harufu. Wengine huweka naftalini.

Mwambieni mama kwa heshima kwamba majivu yakilowa mkojo hutoa maji makali, yaleyale yaliyotumika zamani kutengenezea sabuni. Huunguza ngozi laini ya nyayo, kisha ulimi anapojilamba. Chokaa ni hivyohivyo, na ile isiyozimwa ni mbaya zaidi. Naftalini ni sumu kwa paka hata kwa kuinusa kwa muda mrefu. Wala usinyunyize unga wa viroboto wa mbwa: mwingi una pamethrini, na pamethrini huua paka.

Kinachokata harufu ni kuchota kinyesi mara 2 kwa siku na kubadilisha maranda yote mara 2 kwa wiki. Beseni likiendelea kunuka, ni kwamba limechakaa na mikwaruzo imeshika mkojo. Nunua jingine.

Beseni la ukubwa gani, na niweke kiasi gani?

Tafuta la bapa, kama sentimita 40 kwa 30, lenye ukingo usiozidi sentimita 6 upande wa kuingilia. Ukingo unaozidi hapo hukatwa kwa kisu cha moto, kisha upigwe msasa usimkwaruze. Maranda yajae sentimita 4 tu. Hiyo ni karibu lita 5, robo ya ndoo ya lita 20. Kina kikizidi anazama na kuogopa. Kwa mabadiliko ya mara 2 kwa wiki utatumia nusu ndoo, hivyo gunia moja lililojaa litakufikisha miezi miwili hivi.

Liweke mbali na chakula, mahali tulivu. Mpeleke humo kila anapoamka na baada ya kula. Akikosea, usimsugue pua kwenye mkojo: hajifunzi chochote ila kukukimbia. Paka wawili wapate mabeseni matatu.

Wangu anakula maranda kila siku, si kuonja tu.

Kuonja huisha ndani ya wiki chache. Kula kwa bidii ni dalili, na mara nyingi dalili ya upungufu wa damu. Inua mdomo wa juu uangalie fizi: za waridi ni nzuri, zilizofifia kama karatasi zina maana kwamba damu imepungua. Kwa watoto wa paka chanzo cha kawaida ni viroboto na minyoo, ambao hunyonya kuliko mwili mdogo unavyoweza kufidia. Chana manyoya juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Punje nyeusi zikiacha doa jekundu, hicho ni kinyesi cha viroboto.

Dawa ya minyoo huanza akiwa na wiki 3, hurudiwa kila baada ya wiki 2 mpaka atakapoacha kunyonya, kisha kila mwezi mpaka miezi 6. Kipimo hufuata uzito, kwa hiyo mpime kwenye mizani ya jikoni kabla ya kwenda duka la dawa za mifugo, na usigawe kidonge cha mbwa kwa kukisia. Fizi nyeupe si za duka. Ni za daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Wakati huo tumia gazeti peke yake.

Dalili za utumbo kuziba ni zipi?

Anatapika zaidi ya mara mbili kwa siku, hataki kula, tumbo limejaa na gumu, anajikamua bila kutoa kitu, au hajapata choo kwa siku 2. Usimpe mafuta ya kula wala ya nyonyo. Utumbo ukiwa umeziba, kuusukuma kunaweza kuupasua. Mtoto wa paka wa nusu kilo hukauka maji haraka, kwa hiyo usisubiri kesho. Beba kiganja cha mchanga unaotumia, daktari auone.

Dada yangu ni mjamzito. Paka aondolewe?

Hapana. Kinachoogopewa ni toksoplasma, vimelea vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, lakini mayai yake yakitoka na kinyesi hayaambukizi papo hapo. Huchukua siku 1 hadi 5 kukomaa. Beseni likisafishwa kila siku, hatari hupungua sana. Kazi hiyo aifanye mtu mwingine. Ikishindikana, dada avae glavu na anawe kwa sabuni. Paka hupata vimelea hivi kwa kula panya na nyama mbichi, hivyo mabaki ya bucha yachemshwe. Nyama ya mezani nayo iive, na mboga zioshwe vizuri, maana watu huambukizwa huko pia. Uchafu wa beseni ufukiwe futi mbili chini au utupwe na taka kwenye mfuko uliofungwa. Usimwagwe kihambani, yaani shamba la nyumbani, kwenye mchicha, wala usifanywe mbolea.

Nisafishie nini?

Sabuni ya kawaida, kisha maji yanayochemka, kisha jua. Dawa zinazogeuza maji kuwa meupe kama maziwa mara nyingi zina fenoli, ziepuke. Dawa ya klorini usiimwage juu ya mkojo, kwani ikikutana na amonia hutoa hewa inayochoma mapafu, yake na yako. Klorini yenyewe pia haiui mayai ya toksoplasma. Maji ya moto huyaua.

Akifika miezi 4 nibadilishe vipi?

Ikiwa haonji tena, changanya robo ya mchanga mpya na robo tatu ya maranda kwa siku 3, nusu kwa nusu siku 3 nyingine, kisha robo tatu kwa robo. Akianza kujisaidia pembeni, rudi hatua moja nyuma. Na akirudi kuutafuna, baki na maranda. Wapo paka wazima wanaoyatumia maisha yao yote.