Ukisema "Nimefanya", Goti Litakusema

Septemba 8 ni Siku ya Fiziotherapia Duniani, yaani tiba ya viungo, na safari hii kitengo chetu cha fiziotherapia hapa hospitalini kimetakiwa kijibu malalamiko yaliyojaa kwenye sanduku la maoni. Machache yanahusu vifaa. Mengi yanamhusu mtu: "ananifokea", "hanisikilizi", "kila nikija nakuta sura mpya". Na hili, ambalo halikosi kila mwezi: "hanikandi, ananipa mazoezi tu."

Hilo la mwisho tulimalize. Fiziotherapia si kukandwa. Tunakushika panapohitaji kushikwa; kazi kubwa ni yako, na inafanyika nyumbani.

Hayo mengine yana haki. Mwaka 2014 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya wagonjwa 117 wenye maumivu sugu ya mgongo. Baadhi waliwekewa mashine ya umeme ya kutuliza maumivu inayofanya kazi, wengine iliyozimwa bila wao kujua. Kisha baadhi ya mashine ziliendeshwa na mtaalamu aliyekaa akazungumza na mgonjwa, nyingine na aliyesema mawili matatu akatoka. Waliosikilizwa mashine ikiwa imezimwa walipata nafuu kuliko walioachwa peke yao na mashine inayofanya kazi. Kilikuwa kikao kimoja, na kilichopimwa ni maumivu. Mfupa hauungi kwa maneno matamu.

Nilikuwa na mzee mmoja aliyevunjika mguu kwa bodaboda. Goti lilikunjika hadi nyuzi 90, nikamsifu. Akanuna. Wiki mbili haji, na akija anafanya kama mtoto aliyelazimishwa kuoga. Siku moja nikavuta kiti nikamuuliza, "Mzee wangu, wataka goti hili likufanyie nini?" Akasema, "Nasali kitini kama mgeni." Nyuzi 90 zinatosha kukaa kitini, kikao cha baina ya sijda mbili chataka zaidi ya 130. Tangu siku ile alikuwa akifika kabla sijafungua mlango. Nilipaswa kumuuliza siku ya kwanza.

Nanyi pia mna sehemu yenu. Mgonjwa akiulizwa kama amefanya mazoezi hujibu "ndiyo daktari" huku goti limekakamaa vilevile. Tukikuamini, tunaongeza uzito usiouweza, kisha unasema tumekuumiza. Sema tu hukufanya. Hatuchapi mtu.

Sasa utaratibu. Ukitaka kuhudumiwa na mwanamke au mwanamume, sema mapokezi unapokata kadi, si ukishalala kitandani. Una haki ya kuelezwa kabla ya kuguswa, kuvutiwa pazia, na kuwa na mtu wako ndani. Ukitaka kubadilishiwa mtaalamu, mwone msimamizi wa kitengo. Hutaulizwa sana, ila tathmini itaanza upya na miadi inaweza kusogea. Ukikosa miadi mitatu bila taarifa, nafasi anapewa mwingine na utahitaji rufaa mpya.

Lalamiko la utovu wa maadili huanzia hospitalini kwa maandishi. Usiporidhika, lipeleke Baraza la Fiziotherapia la Kenya, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, ambalo ndilo linalosajili wataalamu na kutoa leseni. Kliniki ya mtaani isiyotaka kukuonyesha leseni, ondoka.

Andika tarehe, saa, jina lililo kwenye beji na nambari yako ya simu. Karatasi iliyoandikwa "yule mrefu wa Jumanne" tunayo sita, na warefu wa Jumanne ni wanne.