Saruji haiimarishi nyumba ya Mji Mkongwe

Anayenunua nyumba kongwe Mji Mkongwe wa Zanzibar ili aifanye nyumba ya wageni, mara nyingi hushauriwa hivi: bandua chokaa yote, piga plasta ya saruji, ukuta utakaza. Imani hii ni ya miaka mingi na inaeleweka, maana saruji kweli ni ngumu kuliko chokaa. Lakini kinachohitajika hapa si ugumu.

Kuta hizo ni za mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Hunyonya maji ya ardhini na ya mvua, kisha huyatoa taratibu kupitia plasta ya chokaa. Ukiziba kwa saruji, unyevu hukwama ndani na kuzidi kupanda. Chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, rangi hutoka malengelenge, na ukigonga kwa kidole unasikia kabisa kuwa plasta imeachana na jiwe. Linaloniumiza zaidi ni boriti. Ncha zake zimezama ndani ya ukuta huohuo, na mti wa mkoko ukikaa kwenye unyevu huoza pasipoonekana, mpaka siku dari inapoanza kubonyea.

Kwa hiyo anza na paa na mifereji ya maji, plasta ya chokaa ifuate. Kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kiombwe kabla fundi hajashika nyundo; kuwa na hati ya nyumba hakukuondolei wajibu huo.