Chicago haikujengwa na moto wala wasanifu peke yao

Ikitajwa Chicago utasikia hadithi ile ile, moto wa 1871 uliunguza kila kitu, wakaja wasanifu wakachora maghorofa, jiji likazaliwa. Hapana jamani. Kabla ya huo moto tayari kulikuwa na watu karibu laki tatu, wakati 1840 hawakufika hata elfu tano. Kati ya vilivyowavuta ni mfereji wa kuunganisha Ziwa Michigan na mto Illinois, uliochimbwa 1836 mpaka 1848 kwa sururu na koleo, vibarua wengi wakiwa Wairishi, na mradi ulipoishiwa hela wakawa wanapewa vikaratasi vya ahadi badala ya mshahara.

Wengine wanadhani eneo lenyewe lilikuwa zuri. Wapi! Tope tupu, maji machafu hayana pa kwenda, kipindupindu kinaua, ndo ikaamuliwa barabara na majengo vinyanyuliwe ili mabomba ya majitaka yapite. 1860 walinyanyua safu nzima ya majengo Lake Street, vibarua kama 600 na jeki 6,000, yaani kila mtu na jeki zake kumi hivi, ikitolewa ishara wote wanazungusha kidogo kwa pamoja maana upande mmoja ukitangulia tu ukuta unapasuka, na huku juu maduka yanauza kama kawaida. Mimi hapo ndo navua kofia.

Maghorofa sawa, msanifu William Le Baron Jenney anastahili sifa zake kwa Home Insurance Building ya 1885, ghorofa 10 zilizobebwa na fremu ya chuma. Ila fremu haijifungi yenyewe, inafungwa na vibarua.

Halafu wapo wanaosema sikukuu ya wafanyakazi ya Mei Mosi ilitoka Urusi, si kweli kabisa. Tarehe 1 Mei 1886 maelfu kwa maelfu waligoma Chicago wakidai kazi iwe saa nane kwa siku. Tarehe 3, August Spies, mmoja wa viongozi wa wafanyakazi, alikuwa anahutubia wapakua mbao, hizo hizo mbao za kujengea jiji, polisi wakafyatua risasi kwa wagomaji wa kiwanda cha jirani. Kesho yake bomu likalipuka kwenye mkutano wa wafanyakazi pale Haymarket, Chicago hapo hapo, viongozi wao wakashtakiwa, na mwaka uliofuata wanne wakanyongwa, Spies akiwemo, wakati aliyelirusha hajulikani mpaka leo. 1893 gavana wa jimbo la Illinois, John Peter Altgeld, akawaachia wenzao watatu waliokuwa bado jela, akisema wazi kwamba kesi ile haikuwa ya haki.