Mlima ulio chini ya bahari na mtego wa alfajiri

Mlima wa bahari, ambao mara nyingi ni volkano iliyozimika, huinuka meta 1,000 au zaidi kutoka sakafuni bila kilele chake kuchomoza juu ya maji. Mkondo unapoukuta, sehemu yake hupinda ubavuni na sehemu hupanda mteremko, ikiinua maji baridi yenye virutubisho kama naitreti na fosfeti. Na kwa kuwa dunia inazunguka, maji ya juu ya kilele huweza kunaswa katika mzunguko wa polepole. Mwaka 1923 mwanafizikia Mwingereza Geoffrey Ingram Taylor alilionyesha jambo hili kwa tangi linalozunguka: alipokokota kitu taratibu kwenye sakafu ya tangi, maji yaliyo juu yake yalikwenda nacho kama nguzo.

Wengi huhitimisha hapo kwamba virutubisho vikipanda, planktoni za mimea, yaani vijimea vidogo mno vinavyoelea majini, husitawi na samaki hushiba. Naona maelezo hayo yanasahau muda. Planktoni za mimea huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au chache, lakini kopepodi, kijidudu cha maji chenye urefu wa milimeta moja au mbili, huhitaji wiki kadhaa kukua kutoka yai hadi utu uzima, na mzunguko ukilegea kabla ya hapo, mavuno yote huchukuliwa na mkondo. Tena virutubisho lazima vifike penye mwanga ili vijimea vikue, na milima kama Cobb, katika Pasifiki ya kaskazini mashariki, ambao kilele chake kiko meta 34 tu chini ya uso wa maji, ni michache mno.

Chakula kingi, basi, hutoka mbali. Machweo yanapoingia, kopepodi hupanda kula karibu na uso, na usiku kucha mkondo huwasukuma hadi juu ya mlima. Kunapopambazuka hushuka kutafuta giza la kina, lakini badala ya giza hukuta mwamba, wakiwa bado kwenye mwanga, huku samaki wanaotegemea macho wakiwasubiri. Matumbawe na sponji waliojishikiza kwenye mwamba huchuja sehemu yao. Mchana, wavu ukivutwa juu ya kilele huweza kutoka na kopepodi wachache kuliko ule uliovutwa kando ya mlima, na usiku unaofuata pengo hilo husafiri na mkondo, likionekana katika maji yaliyokwisha kuupita mlima.