Kisukari cha watoto: kati ya mshtuko, virusi na uchelewaji

Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani, huku kwetu Mtwara inatukuta katikati ya msimu wa korosho, na maswali kliniki ni yaleyale. Mtoto alishtuka alipofiwa na baba, ndiyo akapata sukari? Au ni soda? Au majini?

Kwenye mshtuko, wananchi wana ukweli kiasi. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2015, uliofuatilia watoto zaidi ya 10,000, ulikuta kwamba waliopitia tukio zito katika familia, kama kifo au wazazi kuachana, waliugua kisukari aina ya kwanza karibu mara 3 ya wenzao. Msongo huongeza homoni zinazopandisha sukari na kuitwisha mzigo kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini ya kushusha sukari. Ila naomba nisinukuliwe nusunusu: waliougua walikuwa wachache, na msiba peke yake hauleti ugonjwa huu. Lazima kuwe na mwelekeo wa kurithi, kisha kinga ya mwili iigeukie kongosho. Virusi vya tumboni, hasa kundi la Coxsackie B, vinashukiwa kuwa miongoni mwa vichochezi. Kurithi nako hakutoshi: pacha wa kufanana akiugua, mara nyingi mwenzake hubaki mzima.

Soda na unene ni habari ya aina ya pili, ambayo nayo sasa inaonekana kwa vijana wadogo. Majini hayahusiki. Tumeshalisema hili hadi limetuchosha.

Kinachoua ni kuchelewa. Mtoto mwenye kiu isiyoisha, anayekojoa mno, aliyeanza tena kukojoa kitandani na anayekonda, apelekwe kupimwa siku hiyohiyo. Akitapika na kuhema kwa nguvu, msiridhike na kipimo cha malaria pekee. Mkifika zahanati, tajeni kiu, mkojo na kukonda kwa pamoja, muombe kipimo cha sukari cha kidole. Haihitajiki kulala na njaa. Mtoto anawe mikono kwa sabuni na kuikausha kwanza, kwa sababu maji ya bibo yaliyobaki kidoleni hupandisha namba kwa uongo. Mwenye dalili akisoma 11.1 mmol/L au zaidi, kisukari kimethibitika, na mtoto hapaswi kurudishwa nyumbani kusubiri kesho. Vijiti vya mashine vikiwa vimeisha, mkojo upimwe sukari na ketoni (kemikali zinazotokea mwili ukichoma mafuta badala ya sukari), kisha iandikwe barua ya rufaa yenye majibu na saa ya kipimo. Hospitalini nauli na gharama zikikwama, muoneni ofisa ustawi wa jamii. Msisubiri malipo ya korosho kutoka AMCOS, chama chenu cha ushirika. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi ampatie mtoto matibabu, na kusema "tulikuwa kwa mganga" si utetezi.

Mkisharudi nyumbani, acheni kulaumiana mbele ya mtoto nani "kaleta sukari". Msongo huo nao hupandisha sukari, hata ya mtoto anayechomwa insulini kwa wakati.