Upanga wa kilo nne na robo

Vijana wa kikundi cha maigizo walikuja karakanani kwangu, hapa Magomeni ya Bagamoyo, na oda ya panga sita. "Shikamoo, fundi. Tunataka panga za vita, siyo mapanga ya kufyekea." Nikachukua bapa la chuma, upana sentimita sita, unene milimita nane, urefu mita moja. Nikalichonga kwa grenda, nikachomelea mpini, nikaupenda mwenyewe. Kesho yake mazoezini shujaa wao akauzungusha mara nne. Mara ya tano ukamponyoka, ukachimba mchanga shibiri moja kutoka vidole vya mwenzake. Tukaupeleka sokoni kwenye mizani ya samaki: kilo nne na robo. Muuza samaki akauliza, "Fundi, jodari huyu umemvua wapi?"

Sikukosea peke yangu. Wengi wetu elimu ya silaha za kale tumeipatia banda umiza, kwenye sinema zilizotafsiriwa na DJ, ambako jitu moja hukata watu kumi na deraya zao, yale mavazi ya chuma ya vitani, kwa pigo moja. Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza na kusoma, na haya ndiyo niliyowaambia wale vijana.

Dhana: upanga wa kweli ni mzito, ndiyo maana ulitaka mwanamume wa nguvu

Upanga wa mkono mmoja wa Ulaya ya zama za kati ulikuwa na kilo moja hadi moja na nusu hivi. Ule mrefu wa mikono miwili haukuizidi sana kilo hiyo moja na nusu. Hata yale majitu ya karne ya 16, yaliyokaribia kimo cha mtu, mengi yalikuwa kati ya kilo mbili na tatu na nusu. Ukikuta zito kuliko hapo, mara nyingi lilikuwa la maandamano, la kubebwa mbele ya mkubwa watu waone.

Siri iko kwenye unene. Upanga uliofuliwa vizuri ni mnene karibu na mpini na unazidi kuwa mwembamba ukielekea nchani, halafu mwisho wa mpini una kirungu cha chuma cha kuusawazisha. Bapa langu lilikuwa na milimita nane mwanzo mpaka mwisho. Lile halikuwa upanga, lilikuwa nondo yenye makali.

Na ule mfereji katikati ya bapa? Kila mtoto wa Dunda atakwambia ni wa kupitishia damu. Sivyo. Unapunguza uzito bila kuulegeza upanga. Chukua bati tambarare, utalikunja kwa mkono. Lile la migongo linakushinda, na chuma chake ni kilekile.

Kwetu pwani ushahidi ulikuwepo muda wote. Upanga wa Kiomani ulionyooka una bapa refu, jembamba, linalopinda na kurudi, na mpini wake hauna hata kikinga mkono. Kwenye razha, ule mchezo wa panga wa Kiomani, mchezaji hutikisa kiganja tu, bapa likatetemeka hadi nchani. Jaribu kutetemesha jodari wangu uone.

Dhana: mhunzi huyeyusha chuma akakimimina kwenye kalibu

Hii inaniudhi kuliko zote, maana inagusa kazi yangu. Sinemani uji mwekundu unamiminwa, unapoa, upanga huo. Shaba nyeusi ilifanyiwa hivyo kweli, maelfu ya miaka iliyopita. Chuma hapana. Chuma cha kumimina ndicho kile cha miguu ya cherehani ya zamani: kigumu, lakini ukikiangusha kwenye sakafu ya saruji kinavunjika. Upanga wa hivyo ungekatika kwenye pigo la kwanza.

Tanuri la kienyeji la mkaa halikutoa uji. Lilitoa bonge la chuma lililochanganyika na takataka zake, na mhunzi akalichoma na kulifua, akalichoma na kulifua, hadi takataka zitoke. Tena wazee wetu hawakuwa nyuma katika hili. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha utafiti wao wa Buhaya, Kagera, walikoonyesha kwamba wafua chuma wa huko, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, walikuwa wakipata chuma cha pua. Kewa za mivukuto, yaani mabomba ya kupitishia hewa, zilipenyezwa ndani kabisa ya tanuri ili hewa ipate moto kabla ya kufikia mkaa. Na al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake cha jiografia mwaka 1154, aliandika kwamba watu wa Malindi walichimba chuma na faida yao kubwa ilitoka huko. Sijaona sinema ya panga inayoanzia Malindi.

Hapohapo vijana wakanibana na upanga wa Kijapani, eti ulikunjwa mara elfu moja. Ulikunjwa mara kumi, labda kumi na tano. Lakini kila mkunjo unazidisha tabaka mara mbili, na mikunjo kumi ni tabaka 1,024. Mtu alisikia hesabu ya tabaka akadhani ni ya mikunjo.

Na ule mlio wa "shiiing" upanga unapochomolewa? Ala ilikuwa ya mbao na ngozi. Chuma kikikwaruzana na chuma kila siku, makali yanaisha.

Dhana: aliyevaa deraya ya chuma mwili mzima akianguka hainuki

Deraya kamili ya vitani ya karne ya 15 ilikuwa na kilo 20 hadi 25 hivi, na uzito wenyewe ulitawanywa mabegani, kiunoni, mapajani na miguuni. Sasa wakumbuke wapagazi wa misafara iliyoanzia hapa Bagamoyo. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, karibu kilo 32, wote kichwani au begani, kutoka hapa hadi Tabora na Ujiji. Mpagazi wetu alibeba zaidi ya yule shujaa wa chuma, na hakupewa farasi.

Jenerali mmoja wa Ufaransa, Jean Le Maingre, aliyejulikana kwa jina la Boucicaut na kutekwa na Waingereza vitani Agincourt mwaka 1415, aliandikiwa wasifu unaosema alipiga kichwangomba akiwa ndani ya deraya yote isipokuwa chapeo. Alipanda ngazi kwa upande wa chini, kwa mikono tu. Deraya nzito zilikuwepo, za mashindano ya kugongana mikuki juu ya farasi. Nadhani ndizo zilizoipa dhana hii nguvu.

Lakini deraya hiyo haikatwi kwa upanga, hata uwe umefuliwa na majini. Vitabu vya mafunzo vya karne ya 15 vina michoro ya namna walivyofanya: mkono mmoja unabaki mpinini, wa pili unashika bapa katikati, na ncha inasukumwa kwapani, kinenani au kwenye tundu la jicho. Au unageuzwa upanga mzima, ukampiga mwenzio kwa mpini kama nyundo. Mara nyingi iliishia mieleka na kisu kifupi. Vijana walipojaribu namna hii jukwaani wakasema haipendezi. Kweli haipendezi.

Dhana: vita vya zamani vilikuwa vya panga

Vilikuwa vya mkuki, karibu kila mahali. Mkuki unataka chuma kidogo, mti mrefu, na adui unamweka mbali. Upanga ulikuwa wa kiunoni, na kwetu pwani upanga na jambia vilitangaza cheo kabla mwenyewe hajafungua mdomo.

Kwa hiyo mchezo wenu wa Abushiri, aliyeongoza watu wa pwani kuwapinga Wajerumani, wanangu, msiutilie dakika kumi za panga. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar alikadiria kuwa bunduki 80,000 hadi 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Wissmann, kamanda wa Wajerumani, alipoishambulia boma ya Abushiri nje kidogo ya mji huu, tarehe 8 Mei 1889, alikuja na mizinga, na waliokuwa ndani nao walikuwa na bunduki zao.

Wakaguna, kisha wakahama. Sasa wanataka kuigiza Fumo Liongo, shujaa wa hadithi za pwani, na mwisho wake wapigane naye kwa panga. Nikawauliza, nani aliyepigana na Liongo kwa upanga? Hakuna chuma kilichompata. Mwanawe alimvizia usingizini akamchoma sindano ya shaba kitovuni, mahali pamoja tu palipoachwa wazi. Walioandika vile vitabu vya karne ya 15, na michoro yao ya kwapa, wangeielewa hadithi hii bila mkalimani. Liongo akaamka, akachukua upinde, akaenda kisimani, akapiga goti na mshale ukiwa umevutwa, akafa hivyohivyo. Mji mzima ukalala na kiu siku kadhaa, hakuna aliyethubutu kumkaribia maiti mwenye upinde.

Kwa hiyo oda imebadilika: upinde mmoja, podo moja, mishale saba. Upinde mimi sijui kuukunja, nimewatafutia mzee anayejua. Jodari bado yuko karakanani, tunamtumia kushikiza mlango.