Mzimu si Lazima Awe Mweupe: Dhana Potofu Kuhusu Vichekesho vya Mizimu Kigoma na Tabora

Dhana: Mwigizaji mwenye ualbino anafaa kuwa mzimu, hahitaji hata vipodozi.

Hili ndilo kosa baya kuliko yote katika filamu za aina hii. Nchini Tanzania, ambako hukadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 1,400 ana ualbino, uzushi kwamba watu hawa hawafi bali hutoweka umewagharimu maisha. Shule ya Kabanga, Kasulu, ilibidi iwe kimbilio la watoto waliokuwa wakiwindwa. Sasa filamu inamwonyesha mtu huyo akiyeyukia ukutani, na watoto sebuleni wanacheka: uzushi umepata picha.

Mpe mwigizaji huyo nafasi ya shangazi mbishi asiyeamini mizimu hata mmoja akimkalia kitini. Mzimu mwenyewe atafutiwe alama nyingine. Aliyezama Ziwa Tanganyika aache nyayo za maji sakafuni na harufu ya migebuka, samaki wa ziwa hilo, kila chumba. Gharama yake ni ndoo ya maji na fundi wa kufuta sakafu kati ya teki (rekodi ya tukio) moja na nyingine.

Matukio ya nje ya mwigizaji mwenye ualbino yapangwe kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Losheni ya kukinga jua ya SPF 30 (kipimo cha kinga) au zaidi ipakwe upya kila baada ya saa mbili. Wengi wenye ualbino wana uoni hafifu na mwanga mkali huwaumiza, kwa hiyo skripti ichapwe kwa herufi za ukubwa wa 18 kwenda juu, na taa zipitishwe kwenye kitambaa cheupe. Akiwa fremu moja na mwenye ngozi nyeusi sana, huyu wa pili ndiye akae karibu na taa. Mkiwapanga sawa, mmoja atafifia kwa mwanga mwingi kwenye picha au mwingine atamezwa na giza.

Dhana: Mtu wa Kigoma ni Muha, na Muha huchekesha kwa lafudhi.

Ujiji wamo Wamanyema, Wabembe na Wagoma, wenye asili ng'ambo ya ziwa. Kiha nacho kinakaribiana na Kirundi, ndiyo maana waongozaji wageni huokota yeyote anayesikika "kama wa huko". Mzawa wa Kasulu humtambua kwenye sentensi ya kwanza. Mistari ya Kiha iandikwe na msemaji wake, kisha iwekwe manukuu: mistari miwili, kila mmoja usizidi herufi 42. Neno la kuchekesha lipewe nukuu yake peke yake, la sivyo watazamaji watalisoma na kucheka kabla mwigizaji hajafungua mdomo.

Dhana: Bibi mwenye macho mekundu ni mchawi tosha.

Moshi wa kuni, mara nyingi. Vikongwe wameuawa kwa tuhuma hiyo hiyo, Tabora ikiwemo. Bibi awe ndiye anayepatana bei na mzimu.

Dhana: Kiziwi hawezi vichekesho vya sauti za kutisha.

Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, kwa hiyo watu wa kuwafuata wapo. Fremu ianzie kiunoni ili mikono isikatwe, mkalimani asimame kando ya kamera, na ishara ya kuanza iwe ya taa. Kichekesho kinajileta: mzimu anapiga mayowe usiku kucha, nyumba nzima iko chini ya vitanda, mwenzao kalala fofofo. Anayechekwa ni mzimu, ambaye itabidi ajifunze lugha ya alama kwanza.